Nilimpeleka Shangazi MRI ya kupima gredi ya uvimbe wa ubongo: mashine safi, risepsheni majanga

Naandika hii nikiwa dukani Gerezani, mvua imekata wateja, na kuna watu wawili watatu wamekuwa wakinisumbua inboksi tangu mwezi uliopita wanataka kujua ile MRI kubwa ya kichwa niliyompeleka Shangazi ina maana yoyote au ni kuliwa hela tu. Jibu fupi: ina maana, na kuliwa hela kidogo kupo. Jibu refu ndo hili hapa, vumilieni.

Jina la kituo sitaji. Sitaki kesi, sitaki kumwagia mtu mchanga kwenye kitumbua chake, na isitoshe nusu ya watu wa pale nawapenda. Kiko hapa hapa Dar, cha binafsi, AC yake kali mpaka unatamani kuvaa koti la boda.

Shangazi ni mdogo wake baba wa mwisho, ana miaka 44, anaishi Muheza. Mara ya kwanza kuanguka alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, ghafla kifuu kikamtoka mkononi na yeye mwenyewe huyo chini. Watu wakasema kapandisha, akaletewa mtu wa kumsomea, akafungwa hirizi kiunoni, maisha yakaendelea. Mara ya tatu alikuwa na akili zake timamu kabisa, akauona mkono wa kushoto unaanza kurukaruka wenyewe kama samaki aliyetolewa majini, afu ndo akazima. Hapo nikasema basi, panda gari uje Dar. CT skani ikaonyesha kitu mbele upande wa kulia, ukubwa wa limau, na ndani yake vidoa vyeupe vyeupe kama mtu kamwagia chokaa. Hivyo vidoa vikumbukeni, maana ndo vimebeba stori yote.

Daktari wa upasuaji alivyoiona akasema anataka MRI kabla hajagusa kitu, tena sio MRI ya kawaida, anataka yenye perfusheni (inapima damu inavyopita kwenye uvimbe), spektroskopi (inasoma kemikali zake), na ile inayochora njia za neva. Mi nikamuuliza, dokta kwani hiyo CT haitoshi, si uvimbe tumeshauona? Akaniambia, CT imenionyesha kipo, sasa nataka kujua kina tabia gani na kimekaa jirani na nani. Nikamwelewa papo hapo kwa sababu hata sisi huku Gerezani fundi anayejielewa hafungui injini kwa kusikia mlio tu, anapima kompresheni kwanza, akishafungua silinda hedi hiyo safari ni nyingine.

Sasa hii habari ya gredi. Vivimbe vya ubongo Shirika la Afya Duniani wamevipanga kuanzia 1 hadi 4. Moja ni kile kinachokua polepole, nne ndo ule mkali, glioblastoma, ambao hata ukitolewa una kawaida ya kurudi. Gredi ndo inaamua mgonjwa akitoka thieta anakaa anaangaliwa tu kwa picha kila miezi kadhaa, au anapelekwa moja kwa moja mionzi pale Ocean Road na dawa juu yake. Na inamsaidia daktari kujua akate kwa kiasi gani, ang'ang'anie kutoa chote au achukue kidogo akapime. Kwa hiyo kujua mapema kuna faida, hata kama ni kwa kukisia.

Haya, tuje kwenye huduma.

Simu nilipiga Jumatatu, dada akapokea, nikamsomea ile karatasi ya daktari neno kwa neno, akasema ndiyo kaka tunafanya zote, njooni Jumatano saa mbili asubuhi. Tumefika saa mbili kasoro na foleni yote ya Kilwa Road, yule yule dada (sauti nimeijua) ananiambia bima inalipia MRI ya kawaida tu, perfusheni na spektroskopi ni hela ya mfukoni. Si ungesema kwenye simu? Bei siandiki maana hizi bei zinabadilika na zinatofautiana, ila ile nyongeza ilikula kodi ya fremu yangu ya miezi miwili. Nikalipa. Unafanyaje sasa, na Shangazi ameshakaa pale kwenye kiti na mtandio wake mpya alionunua kwa ajili ya kuja mjini.

Afu ukaja mfomu. Unaulizwa una chuma mwilini, una pacemaker ya moyo, uliwahi kufanya kazi ya kuchomelea au kuingiwa na vipande vya chuma machoni, una mimba, figo zako zikoje. Hapo kwenye figo wako vizuri, walitaka kipimo cha kreatinini kabla ya kumdunga ile dawa ya kung'arisha picha, yenye gadoliniamu, kwa sababu inatolewa na figo na kama figo zimechoka ni shida. Safi. Lakini mfomu mzima, mbele na nyuma, hakuna sehemu inayouliza una picha za zamani? Mi CT ya Shangazi nilikuwa nayo mapajani kwenye mfuko wa nailoni, nikamwambia dada hii hapa CT yake, akanijibu bila hata kuinua macho, "hizo kaa nazo tu baba." Nikakaa nazo. Kosa langu pia, ningekomaa.

Nikija ndani, story inabadilika kabisa.

Kwanza kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani. Nesi wa nje alimwekea Shangazi ile ya bluu, nyembamba, kwenye mgongo wa kiganja. Dada wa mashine (radiografa, na huyu ndo nyota wa hii stori) akaiangalia akatikisa kichwa, akasema hii haitafaa, dawa ya perfusheni inasukumwa na pampu kwa kasi, kama mililita tano kwa sekunde, mshipa mdogo na kanula nyembamba havihimili. Ikatolewa, ikawekwa ya kijani kwenye kiwiko. Shangazi akadungwa mara mbili kwa uzembe wa mtu mmoja, ila bora hivyo kuliko dawa kumwagikia chini ya ngozi na picha kuharibika, maana ile dawa ikishapita mara ya kwanza kwenye ubongo ndo basi, huwezi kuirudisha nyuma kama mkanda.

Pili bangili. Shangazi ana bangili tatu za fedha, miaka zaidi ya ishirini hazijatoka mkononi. Dada yule akaleta sabuni ya maji, akamkalisha, akaanza kuzungusha moja moja huku anampigisha stori za Tanga, dakika kumi nzima, zikatoka. Hajamharakisha hata kidogo. Afu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na kiunoni hakuna kitu?" Shangazi akaniangalia. Mi nikaangalia ukuta. Akasema hakuna. Dada akamwambia taratibu, "Mama, humu ndani sumaku haizimwi, iko saa zote hata sisi tukilala, na nguvu yake ni kama mara elfu thelathini ya ile ya dunia inayovuta dira. Kama kina kipande cha chuma, kitaruka nacho." Wakaingia wote kwenye kibanda cha kubadilishia nguo. Kilichotoka ni hirizi, ya ngozi, na kwa uzito wake ndani kulikuwa na kitu sio karatasi peke yake. Dada kaifunga kwenye karatasi nyeupe safi, hajacheka, hajauliza, akanikabidhi kwa mikono miwili akasema mshikie mama amana yake. Aisee. Nimeenda hospitali nyingi, heshima kama ile nimeiona mara chache.

Shangazi alivyowekewa lile kofia la kizimba usoni na kitanda kikaanza kuingia nikasikia anasema, "Mwanangu, huu si mwanandani huu?" Akapewa kimpira cha kubonyeza akizidiwa na vizibo vya masikio, na akaambiwa asitikise kichwa. Ule mlio wengi mnaujua, kwangu mimi ni kama mtu anachomelea na mwingine anagonga geti la bati kwa zamu, na sio hitilafu, ni koili zinazotetemeka umeme ukipita ndani yake mbele ya ile sumaku. MRI ya kawaida ya kichwa inachukua kama nusu saa, hii ilienda saa nzima na dakika kadhaa. Kimpira alikibonyeza mara moja tu, wakasimamisha, wakamuuliza mama vipi, kumbe anataka kujua adhuhuri imeadhiniwa?

Dada akaniruhusu nisimame mlangoni kwa ndani upande wa kompyuta, akawa ananielekeza na mimi leo nawaelekeza nyie, nikikosea msinishike shati, kuna binamu yangu anasoma hayo mambo na amenisahihisha sana.

Kuna difyusheni. Hii inapima maji yanavyotembea kati ya seli. Uvimbe mkali seli zimebanana kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, maji hayana pa kupita, namba inashuka. Hii hii ndo inasaidia kutenganisha uvimbe na jipu: zote mbili zinaweza kuonekana kama pete inayong'aa, ila usaha ni mzito, maji ndani yake yanakwama, kwa hiyo katikati panawaka kweupe, wakati katikati ya uvimbe uliokufa mara nyingi hapawaki. Hapo benchi nilikaa na kijana wa Mbagala, mdogo wake alikuwa ameambiwa kansa ya ubongo, picha zikaonyesha ni jipu, akaenda kunyonywa usaha na kupewa antibayotiki. Na kwetu huku hizo pete zina mengi, TB ya ubongo ipo, tokso (ugonjwa wa vimelea) kwa wenye kinga iliyoshuka ipo, minyoo ya nguruwe ipo. Sio kila pete ni kansa jamani, kabla hamjaanza kuuza viwanja.

Perfusheni ndo ile ya pampu. Uvimbe mkali una njaa, unajiunganishia mishipa yake ya damu kinyemela kama mtu anayejivutia maji bila mita. Dawa inasukumwa, mashine inapiga picha za harakaharaka sekunde kwa sekunde, afu kompyuta inatoa ramani ya rangi, palipo na damu nyingi panakuwa pekundu. Wanalinganisha na upande wa pili wa ubongo ulio mzima, 1 maana yake damu sawa sawa. Spektroskopi yenyewe inasoma kemikali bila kukata nyama: kolini inapanda pale seli zinapojengwa kwa kasi, NAA ambayo ni ya seli za neva zenyewe inashuka zikiuliwa, na ukiona lipidi na lakteti zimejitokeza ujue kuna sehemu zinakufa kwa kukosa hewa. Inakuja kama mchoro wa milima. Mlima wa kolini wa Shangazi ulikuwa mrefu, nikauona kwa macho yangu, na nikamwona dada kanyamaza.

Ripoti tuliahidiwa ndani ya saa ishirini na nne. Tumeipata siku ya nne. CD waliyonipa haikufunguka kwenye kompyuta ya daktari, nikarudi, nikapewa nyingine, ile ikafunguka. Ripoti ukurasa mmoja na nusu, na mstari wa mwisho ndo uliotumaliza: perfusheni 2.9, kolini juu, NAA chini, sifa zinaelekea gredi ya juu, III hadi IV. Nikampigia baba, baba akawaambia ndugu, mama yangu akaanza Yasini, Shangazi mwenyewe amekaa sebuleni kwangu anaangalia tamthilia anauliza mbona mnanong'ona.

Tukarudi kwa daktari wa upasuaji. Kaisoma, kaiweka pembeni, akaniambia nipe ile CT. Akaitundika kwenye taa, akaweka ncha ya peni kwenye vile vidoa vya chokaa. "Aliyesoma MRI alikuwa na hii?" Nikamwambia hapana dokta, niliambiwa nikae nayo. Akavua miwani.

Akanieleza hivi. Kuna aina ya uvimbe inaitwa oligodendroglioma, inapenda kukaa mbele, inapenda watu wa umri wa Shangazi, inaanza na degedege, na mara nyingi sana inaweka chokaa ndani yake. Chokaa CT inaiona vizuri kuliko MRI. Na huu uvimbe una kawaida moja mbaya ya kudanganya: mishipa yake ni mingi hata ukiwa gredi 2, kwa hiyo perfusheni inapanda juu unadhani umekutana na jambazi kumbe ni jirani mwenye sauti kubwa. Ile 2.9 peke yake haitoshi kumhukumu mtu.

Mi sikuridhika, nikamkaba binamu, akanionyesha utafiti wa Marekani wa 2003 unaotajwa sana kwenye hii fani, wagonjwa 160 wenye glioma (ndo ukoo wa vivimbe vya ubongo wenye hizo glioblastoma na oligodendroglioma), waliweka mstari wa perfusheni kwenye 1.75, ukiuvuka unahesabiwa gredi ya juu. Wenye gredi ya juu walikuwa 120, perfusheni ikawanasa 114, hiyo ni kazi kubwa na iliishinda mbali MRI ya kawaida. Lakini wa gredi ya chini walikuwa 40, na katika hao 17 wakawekwa upande mbaya. Kumi na saba kati ya arobaini! Kwa hiyo namba ikiwa chini unaweza kupumua kidogo, ikiwa juu usikimbilie kuchimba kaburi.

Nikarudi kituoni na mfuko wangu wa nailoni, safari hii sikusimama kaunta, nikaomba kumuona aliyeandika ripoti. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akatoka mzee mmoja mpole, bingwa wa radiolojia, akachukua CT palepale korido akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasema "Ah." Akaniambia ningekuwa na hii nisingeandika vile. Akaingia ndani, dakika ishirini akatoka na ripoti ya nyongeza yenye sahihi yake: kuna chokaa, inawezekana ikawa oligodendroglioma, gredi haiwezi kuamuliwa kwa perfusheni pekee, biopsi (kukata kipande kikapimwe maabara) inahitajika. Hajataka hela, hajajitetea. Daktari anayekubali "ningekuwa nayo nisingeandika" huyo mi namuamini kuliko asiyewahi kukosea.

Sasa mtaniuliza, kama mwishowe ni biopsi, ile kodi ya miezi miwili ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya vitu viwili. Kwanza ramani ya rangi ilionyesha sehemu ipi ya ule uvimbe ina moto zaidi, na daktari alichukua sampuli hapo hapo, kwa sababu ndani ya uvimbe mmoja gredi zinaweza kuchanganyika, ukichukua kipande mahali palipopoa unapewa jibu tamu la uongo. Pili ile picha ya njia za neva, yenye nyuzi za rangi kama uzi wa kufumia, ilionyesha njia inayoendesha mkono wa kushoto imepita nyuma ya uvimbe, imesukumwa, haijaliwa. Daktari akasema hapa nina pa kupita. Shangazi katoka thieta, mkono ulikuwa mzito kama wiki moja, leo anakuna nazi. Kodi nilishailipa.

Marks zangu: mashine tano, dada wa mashine tano na ningekuwa na ya sita ningempa, bingwa ripoti ya kwanza mbili ya pili tano, risepsheni moja, na hiyo moja ni ya AC. Ukienda, beba picha zako zote za zamani na uwape mkononi hao wanaosoma, usikubali "kaa nazo". Karatasi ya daktari iandikwe wazi swali analotaka lijibiwe. Mwenye bangili aanze na sabuni nyumbani.

Majibu ya maabara yakatoka wiki tatu baadaye, nikayapiga picha nikayatuma kwenye grupu la familia kabla sijayasoma vizuri. Dakika mbili hazijaisha baba anapiga kutoka Muheza, sauti inatetemeka, "Mwanangu, uliniambia mwisho ni nne. Mbona huku wameandika kumi na moja?" Nikaangalia tena. Walikuwa wameandika gredi II, kwa zile namba za Kirumi, ambazo Shirika la Afya lilishaachana nazo 2021 linaandika 2 ya kawaida lakini maabara nyingi bado mkono umezoea. Nikamwambia baba, hiyo ni mbili. Kimya. Akauliza tena, mbili? Mbili, baba. Bado tunasubiri kile kipimo cha vinasaba cha kuthibitisha kama ni oligodendroglioma yenyewe, ila mbili ni mbili. Nikamsikia anamwita mama kwa nguvu mpaka simu ikamdondoka.